Sahani ya Waliobaki Darajani

Sahani ilikuwa imejaa maji tena. Murielle aliinusa: tope la mto, ndani ya fleti yao ya mtaa wa Bertrams, huku ugenini, ambayo bomba lake lilikuwa kavu tangu juzi. Akaimwaga kimyakimya, baba yake asione.

Kila mwaka baba huyo, Mzee Marcellin, aliadhimisha kwa karamu siku ya vita ambapo ndege zao mbili ziliruka chini sana, zikigusa miti, na yeye akasukuma mabomu nje kwa mikono yake hadi daraja la adui likavunjika. Ndege ya pili ilianguka papo hapo. Ndiyo maana sahani ya kwanza ilikuwa ya wenzake. "Karibuni, mliobaki darajani," alizoea kusema shujaa wetu, kifua mbele.

Mwaka huu walikuja. Tangu karamu ile, mjukuu wake Arlène alikuwa hali chakula. Kila akipakuliwa, alisema kwa Kiingereza chake cha shule kwamba wenzake wameshakimaliza chakula. Kliniki haikuona ugonjwa, na mtoto alibaki mifupa. Maji yalipozidi unga, Murielle alimwita Bi Sumaiya, mganga wa Kiburundi.

Bi Sumaiya alifukiza ubani, akatazama nyayo mbichi sakafuni.

"Mzee, ulikaribisha nani?" akanong'ona.

"Wenzangu. Basoda, askari wa ndege ile."

"Hizi nyayo ni za watoto. Mgeni uliyemwita hafukuzwi kwa moshi. Mwambie ukweli, aende. Darajani kulikuwa na watu?"

"Hakukuwa mutu! Daraja lilikuwa tupu!"

Hapo maji yakaanza kupenya chini ya mlango, meusi, yakinuka samaki na damu, na miguu midogo ikasikika ikikimbia ukutani, darini, nyuma ya kochi, ikizidi kuwa mingi, hadi yote ikasimama ghafla kando ya Arlène, ambaye alikuwa hajawahi kutamka sentensi ya Kiswahili maishani mwake.

"Babu," alisema kwa sauti nyingi, "ulitupungia mkono. Na sisi tukasimama, tukakupungia."

Mzee akapiga magoti majini.

"Ni kweli," alilia. "Ilikuwa siku ya soko. Niliwaona. Nikasukuma."

Maji yakakauka. Arlène akaomba mkate, akaula wote. Murielle alilia kwa furaha, na wakati uleule akamchukia baba yake kuliko alivyowahi kumchukia mtu.

"Wametoka?" aliuliza.

"Kwa mtoto, ndiyo," alijibu Bi Sumaiya, akifunga kanga yake haraka.

Mzee Marcellin alikuwa dirishani, mkono wa kulia juu, akipungia barabara isiyo na mtu. Murielle alikwenda kuushusha. Alipoushika, aligusa vidole vidogo, vya baridi, vilivyokuwa vimeushika tayari.