Sema Kilichomo Pichani

Asubuhi moja ya mwaka 1999, Milka alikuwa kwenye ufuo wa Dunga akianika omena, dagaa wa ziwani. Macho yake yalizimika mwaka uliotangulia, lakini mikono yake ilijua omena iliyokauka na pia jirani aliyekuja kudokoa.

"Toa mkono, Nabututu," alisema bila kugeuka.

Mara mumewe, Absalom, akaja mbio. "Mama Anyango, vaa viatu! Binti yako ameweka habari kwenye Intaneti."

Anyango aliishi Uingereza na mumewe. Barua yake ya mwisho ilisema alilazwa hospitali siku mbili. Haikusema kwa nini. Tangu hapo Milka hakuwa na usingizi.

Mjini Kisumu, Parvin mwenye ofisi ya kompyuta akafungua ukurasa wa Anyango, akasoma: "Mama, habari kubwa iko kwenye picha." Chini yake palikuwa na picha. Neno jingine hakuna.

"Amepona?" Milka aliuliza.

"Ni picha nzuri," alisema Absalom.

"Nzuri vipi?"

"Kuna gari jekundu. Magurudumu mapya kabisa."

"Kwani mimi nilizaa gari?"

Absalom akakohoa. "Nyuma kuna nyumba ya matofali."

"Baba Anyango, unanificha. Mtoto wangu ni mgonjwa!" Milka akaanza kulia.

Parvin akageuza kiti. "Mzee, kuna kompyuta zinazowasomea wasioona kwa sauti. Zikikuta picha isiyo na maneno, zinasema 'picha', basi. Wewe umezishinda kwa gari tu."

"Sasa nisemeje?"

"Anza na mtu. Ni nani, anafanya nini, yuko wapi. Kisha taja lile jambo lililofanya picha ipigwe. Usiseme 'nzuri'. Sema unachokiona, Mama ataamua mwenyewe. Gari lisubiri."

Absalom akavua kofia, akaivaa tena. Baba aseme mambo ya mwili wa binti yake, tena mbele ya watu? Hayo aliwaachia wanawake siku zote. Akamtazama mkewe anavyofuta machozi.

"Ni Anyango," alianza. "Amesimama mlangoni. Amevaa gauni la kijani. Anacheka, meno yote nje. Mikono yake iko... iko juu ya tumbo."

"Tumbo gani?"

"Tumbo, Mama Anyango! Tumbo kubwa! La miezi sita, saba, mimi nitajuaje?"

Milka akapiga vigelegele mpaka muuza karanga akaingia kuuliza harusi ni ya nani.

Siku hiyohiyo wakamwandikia Anyango: kila picha aiambatanishe na maneno mafupi ya kuieleza. Hivyo kompyuta inayosoma kwa sauti itayapata, na wasioona wengine watafaidi pia. Parvin mwenyewe akaanza kuandika maneno kwenye picha za vikapu vya akina mama wa Dunga, alizokuwa ameziweka kwenye Intaneti.

Miezi mitatu ikapita. Picha nyingine ikaja. Absalom akiwa bado anapapasa mifuko kutafuta miwani, Parvin akasoma yaliyoandikwa:

"Mtoto wa kike wa siku mbili, amelala kifuani mwa Anyango. Ana nywele nyingi nyeusi. Amekunja ngumi. Kidevu chake kimechongoka kama cha bibi yake."

Milka akashika kidevu chake, akakizungusha taratibu kwa vidole.

"Sogea basi nimwone!" alisema Absalom.

"Pole pole, Mzee," Milka alijibu. "Mimi nimeshamwona."