Mlango wa Mama Jeanne

Mama Jeanne hapandi gari kama watu wengine. Ana desturi yake, na mumewe Rigobert anaijua kwa moyo. Kwanza Rigobert anafungua mlango wa mbele wa kulia, wazi kabisa. Mama Jeanne anageuka, anakipa kiti mgongo, anaketi polepole. Kisha Rigobert anainama, anaushika mguu wa kushoto, anauingiza ndani. Halafu anauingiza ule wa kulia, ule unaouma. Mwisho anafunga mlango taratibu, kana kwamba ndani kuna mtoto amelala.

"Miguu iko yote?" anauliza.

"Iko yote mbili. Twende, chef de gare."

Rigobert hakuwa mkuu wa kituo hata siku moja. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa mkaguzi wa mabehewa kwenye reli, kama baba yake, na kama babu yake aliyetoka upande wa Moba kuja kutafuta kazi. Alizunguka kila behewa na nyundo ndogo kabla treni haijaondoka. Aligonga gurudumu, akasikiliza, akaandika. Ubao umepasuka? Aliandika. Chuma kimekunjika? Aliandika. Cheo cha mkuu wa kituo alipewa na mke wake, nyumbani, na mpaka leo hajanyang'anywa.

Wazee hawa wanakaa Ruashi, mtaa mmoja wa Lubumbashi, katika nyumba waliyoijenga wenyewe, chumba kwa chumba. Miaka miwili iliyopita Mama Jeanne alianguka akavunja nyonga. Binti yao Syntiche, aliyeolewa Kolwezi, aliwanunulia gari dogo. Kila Jumanne na Ijumaa Rigobert humpeleka mke wake mjini kwa kiné, yaani mtaalamu wa kunyoosha viungo. Yule kiné aliwaambia wazi: "Mama, mukiacha kuya, ule muguu utakauka." Kwa hiyo gari lile halikuwa la fahari. Lilikuwa mguu wa tatu wa Mama Jeanne.

Wakati wa kubadilisha mafuta ya injini ulifika. Gari lilikuwa bado na garantie, yaani dhamana ya muuzaji, kwa hiyo ilibidi lipelekwe kwenye gareji ya duka lililoliuza. Jumatano asubuhi wakaenda wote wawili, maana Mama Jeanne alitaka kuona mji.

Kwenye lango la gareji alisimama mlinzi mmoja mrefu, Mulenga. Alipomwona mama mwenye fimbo, alikuja mwenyewe akafungua mlango wa kulia. Kisha alileta kiti cha plastiki, akakiweka kivulini. Mama Jeanne alipoketi, Mulenga alitoa daftari lake akaandika saa, namba ya gari, na chini yake: *Kiti 1, kwa mama wa fimbo.*

Mama Jeanne akacheka. "Hata kiti munaandika?"

"Eee, Mama. Biti bilisha kupoteya hapa. Kintu ikitoka mu mikono yangu, ninaandika."

Ndani, kwenye meza ya mapokezi, alikaa kijana mchangamfu, Ngosa, mtu wa upande wa Kasenga. Waliulizana habari za kwao, kama watu wa Lubumbashi wafanyavyo, na ikaonekana kwamba koo zao ni za utani. Basi! Mtani anaweza kukuchukulia kofia kichwani siku ya msiba wa baba yako, na wewe huna ruhusa ya kununa.

"Ni weye mutani wangu!" Ngosa alipiga makofi. "Fungeni milango, huyu muzee ataiba motoka yake yeye mwenyewe!"

Walicheka mpaka machozi. Kisha Ngosa akachukua fiche, karatasi ya kupokelea gari. Juu yake kuna picha ya gari, na kila mkwaruzo huwekwa alama pale ulipo. "Papa, tuzunguke motoka pamoja?"

"Wee mutani, unataka kunizungusha mu jua? Batani na karatasi wapi na wapi?"

Ngosa akaiweka fiche pembeni, tupu. Hapo ndipo kosa lilipozaliwa, tena likazaliwa likicheka.

Alhamisi mchana Rigobert alirudi peke yake kuchukua gari. Lilikuwa limeoshwa, vumbi lote jekundu la Ruashi limetoka. Lilikuwa limeegeshwa ubavu wa kulia karibu na ukuta. Aliona uso wake kwenye boneti, akafurahi, akasaini karatasi ya kutoka, akaingia upande wake, akaenda.

Ijumaa asubuhi Mama Jeanne alivaa vizuri, akasimama kando ya gari. Rigobert alishika kitasa, akavuta. Mlango ulifunguka upana wa mkono mmoja, ukagoma. Alivuta tena. Ukalia. Ndipo alipoinama akaona: chini ya kitasa bati limebonyea, rangi imekwanguka mpaka chuma kinaonekana.

Walijaribu mlango wa nyuma, lakini pale ni pembamba na goti la Mama Jeanne halikunjiki. Walijaribu upande wa dereva. Mama Jeanne akashika usukani, akapandisha mguu mmoja, uso ukamkunjamana kwa maumivu. Akashuka.

"Acha, Papa Syntiche. Leo nitapumuzika tu," alisema kwa upole, akarudi ndani na fimbo yake.

Afadhali angemfokea. Rigobert alibaki pale uani, mkono kwenye kitasa.

Alimpigia Ngosa simu. Ngosa aliposikia habari ya mlango alicheka. "Mutani, ni mbuzi ya Ruashi iligonga motoka! Bambuzi ya kwenu iko na kichwa nguvu!" Halafu akasema chinichini, "Na tena, Papa, ulisaini."

Rigobert alitaka kukasirika. Lakini mtu anamkasirikiaje mtani wake? Akakata simu. Akaingia stoo, akatoka na nyundo yake ya zamani ya reli, akaenda kuunyoosha mlango mwenyewe.

"Papa Rigobert, weka nyundo chini!"

Sauti ilitoka juu ya ukuta. Alikuwa Adolphine, jirani yao. Adolphine anafanya kazi katika ofisi ya assurance, yaani bima, mjini. Milango iliyobonyea, taa zilizopasuka, hizo ndizo habari zake za kila siku. Siku ile alikuwa na mapumziko, anaanika nguo. Alizunguka akaingia uani, akautazama mlango bila kuugusa.

"Ukigonga hapa, utafuta alama yabo na kutia yako. Kiisha batasema ni weye uliharibu. Ni nani alifanya hii?"

Rigobert alimweleza yote. Mama Jeanne naye alitoka akasikiliza.

"Niliisha kusaini," Rigobert alimalizia. "Mayi ikisha kumwangika haizoleke."

"Hii haiyamwangika, Papa. Ingali mu ndoo. Kusaini kunaleta matata, lakini hakumalize maneno. Sikia. Ulipoacha motoka kule, ilikuwa mu mikono yabo. Mutu akipokea kintu ya mwenzake, anapashwa kuitunza kama yake, na kuirudisha vile aliipokea. Hata kama balibandika kibao ku ukuta, ‘Hatujibu hasara,’ ile kibao peke yake haiwaondolee kazi ya kutunza."

"Sasa nifanye nini?"

"Piga photo. Moya ya motoka muzima, na namba ionekane. Ingine ya karibu, ya mulango. Kiisha andika barua. Weka siku uliyoacha motoka, siku uliyoichukua, na kile ulichokuta. Usitukane mutu. Uombe batengeneze mulango bila wewe kulipa. Barua ikuwe mbili: moya ya kwabo, moya ya kwako. Ku ile ya kwako baweke cachet, ule muhuri yabo, na tarehe, ijulikane kama balipokea. Na uende leo. Ukingojea wiki mbili, batakuuliza ulipita nayo wapi."

"Lakini Ngosa ni mutani wangu."

"Utani ni ya kuchekana, Papa. Haiko ya kufichana." Adolphine akafikiri kidogo. "Kuko mutu aliona ule mulango unafunguka muzuri siku ile?"

Wazee walitazamana. Mama Jeanne ndiye aliyekumbuka kwanza.

"Ule sentinelle. Ni yeye alinifungulia, na kunipa kiti." Kisha akamgeukia mumewe. Macho yake yalikuwa yanacheka, lakini neno lilikuwa la kweli. "Papa Syntiche. Miaka yote ile ulikuwa unaandika mawagon ya bantu. Motoka ya bibi yako, hukuandika?"

Rigobert aliirudisha nyundo stoo, akatafuta kalamu.

Waliandika barua pamoja, Adolphine akisoma kila mstari kwa sauti. Mara mbili Rigobert alitaka kuandika neno kali, na mara mbili Adolphine alikohoa. Mchana alifika gareji.

Hakuwahi hata kuzima injini. Mulenga aliitambua namba ya gari, akaja mbio na kiti cha plastiki. Akakiweka upande wa kulia, akashika kitasa, akavuta. Mlango ukalia, ukagoma. Ndani hakukuwa na mtu.

"Mama iko wapi?"

"Alibakia ku nyumba. Hawezi kupita," alisema Rigobert.

Mulenga aliinama akatazama bati. "Lakini, Papa, huu mulango ni miye nilifungua Jumatano. Ulikuwa mwepesi. Ni bantu ya hapa..." Akafikiri juu ya kazi yake. Kisha akachukua daftari lake kwapani. "Twende pamoja."

Rigobert hakumwendea Ngosa. Aliomba kumwona mkubwa wa gareji, Madame Joëlle. Alimsalimia, akampa barua, akamwonyesha picha kwenye simu. Hakupandisha sauti. Madame Joëlle alisoma mpaka mwisho, kisha akaagiza fiche ya kupokelea gari iletwe. Ngosa aliileta. Ilikuwa tupu.

"Papa, hapa hakuna kintu kimeandikwa," alisema Madame Joëlle. "Nitajua namna gani mulango ulikuwa muzima?"

"Ni kosa yangu, Madame. Nilikatala kuzunguka motoka. Lakini muulize huyu."

Mulenga alifungua daftari, akaweka kidole. *Jumatano. Saa tatu kasoro kumi.* Namba ya gari. *Kiti 1, kwa mama wa fimbo.*

"Madame, mama alitokea ku ule mulango," alisema Mulenga. "Nilimufungulia na huu mukono. Mutu wa fimbo angepita wapi, kama haufunguke?"

Kiti cha plastiki kilikuwa kimeandikwa, gari zima halikuandikwa. Ngosa aliinamisha kichwa. Utani wote ulikuwa umemtoka usoni.

"Ni miye, Madame. Niliisogeza nyuma, nikagonga poteau, ile nguzo. Niliogopa. Kiisha nikaiegesha karibu na ukuta." Alimgeukia Rigobert. "Papa, nilitumia utani yetu sawa blanketi ya kufunikia. Unisamehe."

Rigobert alikuwa ameandaa maneno mengi njiani. Yote yalimpotea. Alichokiona mbele yake kilikuwa kijana aliyeogopa. "Mama hakuenda kwa kiné leo," alisema tu. "Ile njo inaniuma."

Madame Joëlle aligonga cachet kwenye nakala ya Rigobert. Chini yake akaandika kwa mkono wake: mlango utabadilishwa kwa gharama ya gareji, gari litakuwa tayari Jumatano, na Jumanne dereva wa gareji atampeleka mama kwa kiné. Akasaini. Rigobert alisoma kila neno kabla ya kuikunja ile karatasi.

Jumanne dereva alifika kweli, na gari kubwa, na Mama Jeanne alipanda mbele kama bibi harusi. Kiné alimkemea kidogo kwa kukosa Ijumaa, akamnyoosha mguu, akasema haujarudi nyuma.

Jumatano wote wawili walikwenda kuchukua gari lao. Mulenga alileta kiti. Akaandika.

Safari hii Rigobert hakusaini haraka. Aliomba gari lisogezwe katikati ya uwanja, mbali na ukuta. Akatoa nyundo yake ndogo mfukoni na kuanza kuzunguka. Ngosa alimfuata na fiche. Rigobert aligonga tairi la kwanza, akasikiliza. Aliinama, akatazama bati kwa jicho moja.

"Papa, hii haiko treni," Ngosa alinong'ona.

"Andika, mutani. Nyuma, kushoto, mukwaruzo kidogo. Ule ni wangu, wa zamani. Andika."

Ngosa aliandika. Hata mafundi waliacha kazi kumtazama mzee. Alipofika kwenye mlango mpya, aliufungua na kuufunga mara tatu. Ndipo aliposaini, na Ngosa naye akasaini, kila mmoja akabaki na karatasi yake.

"Siku ingine ya kuleta motoka, tutazunguka mbele ya kucheka," alisema Rigobert.

"Ndiyo, Papa. Kiisha tutacheka sana, juu uko unatembea na nyundo mu mufuko sawa mwizi wa reli."

Mzee alicheka, na moyo wake ukawa mweupe.

Ngosa mwenyewe alitaka kumfungulia Mama Jeanne mlango, lakini Rigobert alimwondoa kwa kiwiko. Kazi ile haiachiwi mtani. Aliufungua wazi kabisa, mpaka mwisho. Mama Jeanne akageuka, akakipa kiti mgongo, akaketi. Rigobert akainama, akauingiza mguu wa kushoto, kisha ule wa kulia. Pembeni Mulenga alichora mstari kwenye daftari lake: kiti kimerudi.

"Miguu iko yote?"

"Iko yote mbili," alisema Mama Jeanne. "Andika, chef de gare."

Rigobert alitoa kalamu. Kwenye fiche yake, kando ya picha ya mlango wa mbele wa kulia, aliandika kwa herufi za mkaguzi, ndogo na zilizonyooka: *Miguu miwili. Mizima.* Kisha akafunga mlango taratibu.