Sisimizi Ndani ya Kompyuta

Mlangoni pa chumba cha kazi cha Mama Kidole kulikuwa na ndara za plastiki, nene, za rangi ya bluu. Kila mteja aliambiwa azivae kabla ya kuingia. Wateja walidhani ni mambo ya usafi. Wakamsifu Mama Kidole, naye akazipokea sifa zake kimya kimya.

Ukweli ni kwamba zile zilikuwa ndara za kompyuta.

Mama Kidole alikuwa mpiga chapa. Watu walimletea barua na maombi ya kazi, naye akawachapia. Kompyuta yake ilikuwa ya zamani kidogo. Kioo kilikaa juu ya meza. Sanduku lake la chuma lilikaa chini, sakafuni. Mtu akiligusa sanduku hilo bila ndara, vidole vilimwasha na kumchomachoma. Nyumbani walikuita kuwashwa huko sisimizi.

"Leo kuna sisimizi?" Baba Kidole aliuliza asubuhi, akiwa anakusanya vifaa vyake. Yeye alikuwa fundi bomba.

"Leo wako wengi. Nimetoka kupiga deki."

"Basi usisahau ndara."

Wakaishi hivyo. Walizoea, na hapo ndipo walipokosea.

Aliyezoea kuliko wote alikuwa Bibi, mama yake Baba Kidole. Magoti yake yalimsumbua, na vidole vyake vilikuwa vigumu asubuhi. Shoga yake mmoja alimwambia kwamba umeme mdogo huchangamsha damu. Bibi hakutaka kusikia zaidi. Kila siku akishakunywa chai alivua ndara, akainama, akaweka kiganja juu ya sanduku la chuma na kufumba macho.

"Dawa imefika kwenye kiwiko," alisema.

"Mama, acha mchezo huo," Mama Kidole alimwambia.

"Wewe chapa barua zako. Mimi niko hospitali."

Kidole lilikuwa jina la utani la mtoto wao mdogo. Mtoto huyu hakuona kitu asikiguse. Kitasa, sufuria, sikio la mgeni, vyote alivipitishia kidole. Siku zile alikuwa anajifunza kusimama. Alishika chochote kilicho karibu, akajivuta, akasimama huku miguu inatetemeka, kisha akacheka peke yake kwa furaha.

Asubuhi moja Mama Kidole alikuwa anachapa barua ndefu. Sakafu ilikuwa haijakauka. Kidole alikuwa mkekani na kijiko chake. Mama alisoma mstari, akachapa. Akasoma mwingine, akachapa. Hakuona kwamba mkeka umebaki na kijiko tu.

Ghafla alisikia yowe.

Kidole alikuwa amekaa kitako kwenye sakafu yenye maji. Mikono ilikuwa juu na uso umekunjamana. Alikuwa amelishika sanduku la chuma kwa mikono yote miwili ili asimame.

Mama Kidole alimnyakua. Akamkagua viganja, midomo, miguu. Hakuona mahali palipoungua. Mtoto alilia, akanyonya, akanyamaza. Mama yake akainuka naye. Akazima soketi, akachomoa plagi, akambeba mtoto mpaka zahanati. Muuguzi alimsikiliza moyo, akamwangalia vizuri, akasema yuko salama.

"Lakini umeme wa nyumbani kwenu muuangalie," muuguzi alisema. "Safari hii mmeponea chupuchupu."

Mchana Baba Kidole aliporudi kula, alikuta kompyuta imefunikwa shuka.

"Basi tuiuze," alisema baada ya kusikia yote. "Mashine gani hii ya kumpiga mtoto?"

Mama Kidole alikuwa ameliwaza jambo hilo njia nzima kutoka zahanati. Kabla ya kununua kompyuta, alifanya kazi katika ofisi ya mbali. Aliondoka watoto wa majirani wakiwa bado wamelala, akarudi wakiwa wamelala tena. Alinunua mashine hii ili akae na mwanawe. Bila mashine, itabidi arudi kule.

"Nikiiuza nitarudi ofisini," alisema. "Kidole atashikwa na nani?"

"Mimi nipo," Bibi alisema. Akajaribu kusimama ili kuonyesha kwamba yupo. Magoti yakamkatalia, akarudi kitini. Hakuna aliyecheka.

"Basi nifanye nini?" Mama Kidole aliuliza. Machozi yalikuwa yanamlengalenga. "Nikibaki na mashine, namhatarisha mtoto. Nikiiuza, simwoni mtoto."

Nyumba ya pili kutoka kwao alikaa fundi umeme, mwanamke mrefu mwenye leseni ya kazi yake. Watu walimwita Fundi Testa. Testa ni ile bisibisi ndogo ya kupimia umeme, na yeye aliichomeka kwenye kilemba chake kutwa nzima. Walikuwa wakisalimiana naye kila siku. Hawakuwahi kumuuliza habari za sisimizi. Nani anamsumbua fundi kwa ajili ya sisimizi?

Siku hiyo Mama Kidole alikwenda kumwita.

"Hodi humu. Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Ingia mwanangu. Vaa ndara hizo."

Fundi Testa alizitazama ndara, akamtazama Bibi. "Ndara za nini?"

Wakamweleza. Kadiri walivyoeleza, ndivyo alivyozidi kukunja uso. Alitoa mita yake ya kupimia umeme kwenye mkoba, akaunganisha waya mrefu, akaupeleka nje na kuushikiza kwenye chuma alichokichomeka ardhini. Kisha akawaambia wote wakae mbali. Akaiwasha kompyuta na kugusisha ncha ya pili ya mita kwenye sanduku. Namba ikaruka, ikapita volti mia.

"Namba hii inatakiwa ikaribie sifuri," alisema. Akazima, akachomoa plagi.

"Kwa hiyo kompyuta ni mbovu?" Baba Kidole aliuliza.

"Kompyuta ni nzima. Nyumba ndiyo mgonjwa."

Akaiinua plagi waione. "Hii ina miguu mitatu. Mmoja unaleta umeme. Wa pili unaurudisha. Huu wa tatu una kazi gani?"

"Wa kushikilia ukutani," alisema Baba Kidole.

"Wengi wanafikiri hivyo. Huu ni mguu wa erthi, yaani wa ardhi. Umeungana na lile sanduku la chuma. Kompyuta za namna hii humwaga umeme kidogo sana kwenye chuma chake, ndivyo zilivyotengenezwa. Kama nyumba ina waya wa erthi, umeme huo unateremka ardhini na nyinyi hamjui kitu. Kama hakuna waya, unabaki pale kwenye chuma. Mtu akigusa, yeye ndiye anakuwa waya."

Baba Kidole alijikuna kichwa. "Yaani kama beseni lisilo na bomba la kutolea maji. Maji yanajaa, yanatafuta pa kupita."

"Umesema vizuri. Sasa sikilizeni. Hao sisimizi ni umeme mdogo. Lakini siku moja waya wa ndani unaweza kuchubuka na kugusa chuma. Siku hiyo hakuna sisimizi. Unakuja umeme mzima, na huo unaua mtu mzima, sembuse mtoto."

Bibi alivuta mkono wake polepole, akauficha chini ya kitambaa alichojifunika.

"Lakini ndara tunavaa," Mama Kidole alisema.

"Ndara zikilowa, je? Ukigusa ukuta kwa mkono mwingine, je? Na Kidole alikuwa na ndara?"

Mama Kidole akazitazama ndara zake.

"Na dawa yangu?" Bibi aliuliza kwa sauti ndogo.

"Bibi, ile si dawa. Ulikuwa unaikabidhi roho yako kwenye chuma kila asubuhi. Magoti yapeleke zahanati, wana dawa za magoti."

Fundi Testa alikwenda kwenye ubao wa meni swichi, pale umeme unapoingilia nyumbani. Chini yake alikuta kipande kifupi cha waya, rangi yake kijani na manjano. Kilitoka ukutani kikaishia hewani.

"Waya wa erthi huwa na rangi hizi," alisema. "Kumbe nyumba ilikuwa nao. Umekatwa. Sehemu yake nyingine iko wapi?"

Akatoka uani kuutafuta. Wote wakamfuata. Uani nepi za Kidole zilikuwa zimeanikwa, safi, zinapepea. Fundi Testa alisimama mbele ya kamba. Akasogeza nepi moja pembeni, kisha ya pili.

"Kamba hii ya nguo ameifunga nani?"

"Mimi," Baba Kidole alisema, kifua mbele. "Waya imara sana huo. Haukatiki, haushiki kutu. Mwaka jana nilipong'oa mabomba ya chuma na kuweka ya plastiki, niliukuta umefungwa kwenye bomba la zamani, hauna kazi yoyote. Nikaukata."

Fundi Testa alisogeza nepi ya tatu. Baba Kidole naye akautazama ule waya. Kijani na manjano, kutoka nguzo moja mpaka nyingine. Kifua kikashuka.

"Usiniambie," alisema.

"Ndio wenyewe. Zamani mafundi waliufunga waya kwenye bomba la maji, kwa sababu bomba la chuma lilizama ardhini. Hata hivyo si njia ya kutegemea, mabomba hubadilishwa. Plastiki haipitishi umeme. Ulipotoa chuma, nyumba ikabaki bila erthi."

"Ndara tulizinunua baada ya mabomba mapya," Mama Kidole alisema taratibu. "Kabla ya hapo hapakuwa na sisimizi."

Baba Kidole alikaa kwenye ngazi. Aliona aibu, na hakuificha. "Nimeukata kwa mkono wangu mwenyewe. Halafu nikaanikia nepi za mwanangu."

Kisha akaruka, akachukua koleo. "Naurudisha sasa hivi."

"Unaurudisha wapi? Kwenye plastiki?"

"Nitaufunga hata kwenye msumari."

"Msumari wa ukutani haufiki ardhini. Weka koleo chini, shemeji. Mimi sishiki mabomba yako, nawe usishike nyaya zangu. Kesho asubuhi tutafanya kazi inavyotakiwa. Mpaka hapo kompyuta isiwashwe, na kitu kingine chochote chenye mwili wa chuma kisichomekwe."

Kesho yake Fundi Testa alikuja na fimbo ndefu ya chuma iliyopakwa shaba. Alizima meni swichi kwanza, akahakikisha kwa testa kwamba umeme umekatika kweli.

"Fimbo hii inahitaji ardhi yenye unyevu," alisema. "Ardhi kavu haipokei umeme vizuri."

Hapo Baba Kidole akapata pa kusemea. "Nyuma ya bafu udongo haukauki mwaka mzima. Bomba linapita upande wa kushoto. Piga hapa kulia, hutatoboa kitu." Akaishika nyundo yeye mwenyewe na kuigongomea fimbo mpaka ikabaki ncha tu juu.

Fundi Testa alifunga waya mpya wa kijani na manjano kutoka kwenye fimbo mpaka kwenye ubao. Akapita soketi moja moja, akaangalia kama waya wa erthi umefika. Kwenye soketi ya jikoni ulikuwa umechomoka, akaurudisha. Mwisho akaweka kwenye ubao swichi ndogo yenye kitufe.

"Hii inajikata yenyewe umeme ukianza kupotea njia," alisema. "Lakini haichukui nafasi ya erthi. Vyote viwili vinahitajika. Kila mwezi bonyezeni kitufe hiki cha kujaribia. Ikizima umeme, ni nzima. Isipozima, niiteni."

Akapima tena sanduku la kompyuta. Mita ikakaa karibu kabisa na sifuri. Mama Kidole aliomba aione namba kwa macho yake. Akaitazama kwa muda, akashusha pumzi ndefu.

Asubuhi iliyofuata Bibi alikunywa chai, akaja chumbani miguu mitupu. Mazoea yana taabu. Alilikaribia sanduku, akaligusa kwa ncha ya kidole kimoja. Akasubiri. Akaweka kiganja kizima. Akasubiri tena.

"Imekufa," alisema.

"Haijafa, mama. Imepona," Mama Kidole alimjibu. "Na leo mimi na wewe tunakwenda zahanati."

Baba Kidole hakuingia kazini kwake siku hiyo. Alimpitia Fundi Testa, wakaenda pamoja kwenye nyumba zote alizobadilisha mabomba. Mlango kwa mlango alisema maneno yale yale: "Huenda nilikata waya wenu wa erthi. Nimekuja na fundi auangalie." Kwenye nyumba nyingine walikuta waya uko sawa. Kwingine walikuta haupo. Kuanzia hapo, akiitwa kung'oa bomba la chuma, alitafuta kwanza waya wa kijani na manjano. Akiukuta, aliweka vifaa chini mpaka fundi umeme aje.

Uani walifunga kamba ya katani kwa ajili ya nepi.

Ndara za bluu zilihamia bafuni. Mteja mmoja wa zamani alisimama mlangoni akizitafuta, mguu mmoja hewani.

"Ingia tu," Mama Kidole alimwambia.

Mteja akaketi kusubiri barua yake. Mama Kidole alichapa mstari wa kwanza, akachapa wa pili. Mara akasikia kijiko kinaanguka mkekani. Akaacha kuchapa. Akageuka.

Kidole alikuwa ameshika sanduku la chuma kwa mikono yote miwili. Alijivuta, akasimama, miguu inatetemeka. Kisha akalipiga sanduku kofi, akacheka.

Mama yake alimtazama mpaka akatosheka. Halafu akageukia barua ya mteja, akaendelea kuchapa.