Koti la Nashilu la Kushukia Mlima

Kule Nkoaranga, kwenye mteremko wa Mlima Meru, mwezi wa Juni hauna huruma. Asubuhi ukungu unashuka mpaka kwenye migomba. Huoni hata banda la jirani. Ukifungua mdomo, unatoa moshi kama umevuta sigara. Wenye nafasi zao wanajivuta chini ya blanketi. Nashilu hana nafasi hiyo, maana ng'ombe hajui baridi wala sikukuu.

Nashilu anauza maziwa. Alfajiri anakamua, anapokea na maziwa ya majirani, anafunga madumu mawili kwenye pikipiki, anawasha. Anashuka barabara ya vumbi mpaka lami ya Tengeru, kisha anaingia Arusha mjini. Wateja wake wako Sokon One na Njiro. Wakichelewa kupata maziwa ya chai, simu yake inaita mpaka inachoka.

Mume wake, Abdiel, ni mpishi kwenye kambi za watalii. Anakuja nyumbani mara chache. Kwa hiyo Nashilu anaishi na wakwe zake, Mzee Elinami na Mama Tabea. Na pikipiki ile ni ya Mzee Elinami. Aliinunua yeye, kwa kuuza ng'ombe wake. Shika hilo, maana kisa chote kimekaa hapo.

Baridi ilipoanza, mzee alimwonea huruma mkwewe. Akatoa sandukuni koti lake la sufu, zito, refu mpaka magotini. Alilivaa zamani alipokuwa mlinzi wa usiku kwenye shamba la kahawa.

"Vaa hili," alisema. "Limenilinda miaka mingi."

"Asante sana, baba," Nashilu akajibu, na alishukuru kweli.

Akalivaa kama madereva wote wa bodaboda wanavyovaa: mbele nyuma. Mgongo wa koti ukakaa kifuani, vifungo vikakaa mgongoni. Wanasema hivyo upepo haupiti. Kila asubuhi Mama Tabea alimwambia, "Geuka nikufunge," akamfunga vifungo kimoja kimoja.

Siku moja manyunyu yalianza tangu usiku. Nashilu akafungwa koti lake, akaondoka. Kabla hajafika mbali, koti lilikuwa limekunywa maji na kuwa zito kama gunia la mahindi mabichi. Maji yaliingia shingoni kwa nyuma, kwenye vifungo, yakateremka mgongoni. Kifua kikapoa. Mikono ikapoa. Vidole vikafa ganzi.

Pale kwenye daraja dogo, kabla ya lami, ndama wa mtu akakatiza barabara. Nashilu aliiona hatari mapema. Akili ilisema shika breki. Vidole havikusikia! Pikipiki ikaserereka, ikalala. Dumu moja likapasuka, maziwa yakatiririka kwenye tope. Nashilu akaamka amechubuka kiwiko na goti. Ndama alikuwa amesimama pembeni anamtazama, hana habari.

Hakurudi nyumbani. Alifunga dumu lililobaki, akaendelea polepole mpaka Sokon One, kwa mteja wake wa kwanza, Mama Swabaha.

Mama Swabaha ni fundi wa kushona mahema ya kampuni za utalii. Karakana yake imejaa marobota ya turubai na cherehani kubwa kubwa. Alipomwona Nashilu mlangoni, aliacha cherehani inazunguka peke yake.

"Yallah! Mwanangu, umetoka mtoni?"

"Shikamoo, mama. Nimeanguka."

"Marahaba. Vua hilo koti upesi, njoo karibu na jiko."

Nashilu akajaribu kuvua. Hakuweza. Vifungo viko mgongoni, na vidole havishiki kitu. Mama Swabaha akamfungua mwenyewe. Halafu wakalishika koti huku na huku, wakalikamua. Maji yakajaza beseni.

"Haya," alisema Mama Swabaha, mikono kiunoni. "Hili ni koti au kisima?"

Nashilu alicheka, kisha machozi yakamtoka. "Nisipoendesha, sina kazi. Nikiendesha hivi, nitakufa barabarani."

"Hutakufa. Kunywa chai, unisikilize. Mwili ukipoa kifuani, damu inakimbilia ndani kulinda moyo. Mikono inaachwa. Ndiyo maana vidole havikukutii. Ukitaka vidole vizima kwenye breki, linda kwanza kifua na mgongo, visipoe wala visilowe. Halafu uvae glovu."

"Koti hili ni zito sana, mama. Kwa nini halikunilinda?"

"Uzito haufukuzi mvua. Sufu inakunywa maji. Ukikaa karibu na moto, ni koti zuri. Kwenye pikipiki kuna upepo, na upepo ukipuliza nguo iliyolowa, unapoa maradufu. Tena umelivaa mbele nyuma, yaani umeifungulia mvua mlango wa nyuma."

Jioni Nashilu alirudi nyumbani. Mzee Elinami alitazama goti, akatazama pikipiki iliyopinda kioo. Hakugomba. Alinyoosha mkono tu.

"Ufunguo."

"Baba..."

"Ufunguo, Nashilu. Abdiel akiniuliza mke wake yuko wapi, nimjibu nini? Yupo mtu Usa River ameniomba hii pikipiki siku nyingi. Nitamuuzia."

Nashilu akatoa ufunguo. Lakini hakuondoka. Alisimama pale pale, goti linamuuma.

"Baba, sikuanguka kwa kuwa sijui kuendesha. Nilianguka kwa kuwa nililowa, nikapoa. Nipe nafasi moja. Nitatafuta koti la kazi. Siku ya mvua kubwa, nipe ufunguo. Nikirudi nimelowa, muuzie huyo mtu. Nikirudi mkavu, niachie kazi yangu."

"Mkavu? Kwa mvua ya huku?" Mzee akaguna.

Mama Tabea akadakia kutoka jikoni, "Mpe nafasi, Mzee. Unaogopa kushindwa na mwanamke?"

"Nani anaogopa? Haya. Siku ya mvua kubwa. Mara moja tu."

Bahati nzuri, wiki hiyo zamu ya Nashilu kwenye mchezo wa kina mama wa kuchangiana fedha ilikuwa imefika. Alichukua fedha yake, akampitia Mama Swabaha, wakaenda soko la mitumba. Huko wakamkuta kijana mmoja, Jabiri, ametundika makoti ya pikipiki kutoka juu mpaka chini.

Nashilu alilipenda moja mara tu alipoliona. Jeusi, linang'aa, kola ina manyoya.

"Hilo ni ngozi, dada! Maji hayaingii kabisa, naapa," alisema Jabiri.

"Usiape, mwanangu," alisema Mama Swabaha. "Lete maji."

Akaligeuza koti ndani nje, akakunja mgongo wake ukawa kama bakuli, akamimina maji kikombe kimoja. Wakasubiri. Maji yakaanza kudondoka chini, tone, tone.

"Si ngozi hii, ni plastiki iliyopakwa kwenye kitambaa. Angalia, imeanza kupasuka hapa kwenye mkunjo."

"Aisee, mama, wewe ni polisi?" Jabiri aliuliza, akakuna kichwa.

"Mimi nashona mahema. Mtalii akilowa usiku, mimi ndiye ninayepigiwa simu."

Mama Swabaha akavuta koti jingine, la kitambaa kigumu cha nailoni, rangi ya kijivu. Halikuwa na mbwembwe. Akalipindua ndani, akamwonyesha Nashilu.

"Kuna tabaka la ndani linalozuia maji. Lipo? Sawa. Sasa tazama mishono. Sindano ikipita, inaacha tundu, na mvua inajua matundu yote. Ndiyo maana juu ya kila mshono wamebandika utepe. Ukiona utepe umebanduka, achana nalo. Hapa mbele, zipu ina kifuniko cha kitambaa. Zipu tupu inapitisha maji kifuani."

"Na hii nyingine ndani, laini kama blanketi?"

"Bitana ya joto. Inatoka kwa zipu yake. Juni unaivaa, jua likija unaitoa. Na hapa kwenye viwiko, mabega na mgongo kuna pedi ngumu. Siku ile ungekuwa nazo, kiwiko chako kisingechubuka hivyo."

Wakamwaga maji. Wakasubiri. Chini hakikudondoka kitu. Nashilu akatoa pochi.

"Ngoja!" Mama Swabaha akamshika mkono. "Kalia kwanza pikipiki."

Pikipiki ya Jabiri ilikuwa imeegeshwa hapo. Nashilu akalivaa koti, akaikalia, akashika usukani, akainama kidogo. Mikono ya koti ikapanda, vifundo vya mikono vikabaki wazi. Mgongoni koti likapanda juu ya kiuno.

"Unaona? Ukisimama linakutosha, ukiendesha ni fupi. Baridi itaingia hapo na hapo. Jabiri, lete namba kubwa ya hilo hilo."

Kubwa lilikaa vizuri. Mikono ilifika mpaka viganjani. Mgongo ulifunikwa. Ndani kulibaki nafasi ya sweta moja. Lakini halikupwaya, kwa sababu lilikuwa na mikanda ya kukaza kiunoni na kwenye mikono. Koti linalopwaya linajaa upepo na kumyumbisha dereva. Kola ililala shingoni bila kumkaba, na kichwa kiligeuka huku na huku. Mgongoni kulikuwa na mistari inayong'aa ikimulikwa na taa. Nashilu akanunua, na glovu za mvua juu yake.

"Usilitie jiki, wala usilikaushe juu ya moto," Mama Swabaha alimwagia maneno ya mwisho njiani. "Sabuni kidogo, maji mengi, kivulini. Na hizo zipu za kwapani ni za kupitisha hewa wakati wa jua. Usizisahau!"

Mvua kubwa ilikuja Alhamisi. Ilipiga mabati tangu usiku, huwezi hata kusikia jogoo. Mzee Elinami akaweka ufunguo mezani. Nashilu akavaa sweta, akavaa koti lake jipya. Mama Tabea akaja, mikono tayari.

"Geuka nikufunge."

"Hapana, mama. Leo nafunga mwenyewe, mbele."

Mama Tabea akabaki na mikono hewani. Kisha akamkaza kola tu, akamwambia, "Mungu akutangulie, mwanangu."

Pale kijiweni, madereva wa bodaboda waliojibanza chini ya turubai walimwona.

"Mama Maziwa! Umesahau kugeuza koti!"

"Nyie ndio mmesahau!" akawajibu, akapita.

Haikupita muda, akahisi ubaridi kwapani. Maji yanaingia! Amedanganywa? Pesa yake yote? Akasimama chini ya mti, akapapasa. Zipu ya kwapa ilikuwa wazi. Alikuwa ameifungua juzi alipolijaribu koti nyumbani kwenye jua, akasahau. Alijisonya mwenyewe, akaifunga, akaondoka.

Kwenye lile daraja, bodaboda mmoja akatokea ghafla upande wake, anakwepa shimo. Vidole vya Nashilu vikakaza breki, taratibu, vyote. Pikipiki ikasimama wima. Mvua ilimpiga mgongoni na kumwagika pembeni kama inavyomwagika kwenye bati. Alikaa pale kidogo, akavichezesha vidole ndani ya glovu. Vilikuwa na joto. Akapiga kelele ya furaha peke yake, mvua ikammezea sauti. Halafu akaenda zake Sokon One, akaenda Njiro, maziwa yakawahi chai.

Aliporudi, mvua haijakatika. Langoni alimkuta mtu amesimama. Alikuwa Mzee Elinami, ndani ya koti lake la sufu. Alitoka mapema kumsubiri, asije akadanganywa na mtu aliyekwisha kubadilisha nguo jikoni.

"Mama Tabea!" mzee akaita. "Njoo umkague!"

Mama Tabea akaja mbio na mwavuli. Akamfungua Nashilu zipu, akaingiza mkono ndani, kifuani, mgongoni, mabegani.

"Kavu," akasema. "Kavu kabisa. Jamani, tena ana joto kama mkate!"

"Si kabisa," alisema Nashilu. "Gusa kwapani. Hapa palilowa kwa kosa langu, sikufunga zipu. Nasema ukweli, baba, uamue mwenyewe."

Akachomoa ufunguo kwenye pikipiki, akaupokeza kwa mikono miwili. Mzee hakuupokea. Asingeweza hata kama angetaka. Mikono yake ilikuwa inatetemeka, vidole vimekakamaa, maji yanachuruzika kutoka kwenye koti mpaka kwenye viatu.

Mama Tabea akamtazama mumewe, akaanza kucheka mpaka akashika lango.

"Kaa nao," mzee akasema, meno yanagongana. "Ufunguo ni wako. Yule mtu wa Usa River atafute pengine."

"Asante, baba. Sasa twende ndani, uvue hilo koti, nikuchemshie maziwa."

Wakaenda polepole kwenye tope. Karibu na mlango, mzee akasimama, akalipapasa koti la kijivu kwa kidole kimoja, kwenye mkono.

"Huyo Jabiri uliyetusimulia," akauliza kwa sauti ya chini, mke wake asisikie, "analo na koti la namba yangu?"