Moyo Umepona, Mapafu Bado

Fundi cherehani alikuwa kazini tangu asubuhi. Kifuani mwake kulisikika mlio mdogo: tik, tik. Ilikuwa sauti ya vali mpya, kilango cha kupitishia damu moyoni, aliyowekewa kwa upasuaji.

"Saa yangu ya ukutani hiyo," mumewe alitania.

"Wewe nawe! Isikucheleweshe kazini."

Lakini siku hiyo kiatu kilikataa kuingia. Miguu ilikuwa imevimba. Pumzi nayo ilimpaa akiwa ameketi tu.

Jirani yao, muuguzi, alikuja kuchukua sare yake. Alipoiona ile miguu, aliweka mkoba chini.

"Dada, unalalia mito mingapi?"

"Mitatu. Wa tatu nimemnyang'anya mume wangu. Nikilala chali, nahisi kuzama."

"Na dawa?"

Fundi akainamisha kichwa. "Ya kuzuia damu kuganda nameza. Ya kupunguza maji mwilini nimeacha. Inanipeleka chooni kila mara, na choo kiko mbali. Kazi inalala. Si moyo umeshatengenezwa?"

"Moyo, ndiyo. Mapafu bado." Muuguzi alitoa kitambaa cha zamani kabatini, akakikunjua. "Mkunjo umetoka?"

"Haujatoka. Kilikunjwa muda mrefu."

"Basi ndivyo yalivyo mapafu yako. Ile vali mbovu ya zamani ilifanya damu irundikane mapafuni kwa miaka. Presha ikapanda humo, mishipa ikakakamaa. Sasa njia imefunguka, lakini mishipa hulegea polepole. Kwa wengine hailegei yote. Presha hii haionekani kwa kipimo cha mkononi; huangaliwa kwa picha ya moyo, kliniki. Usiache dawa mpaka daktari aseme. Na hospitali twende sasa hivi, dada. Uvimbe na pumzi hii havingoji kesho."

Mumewe hakutania tena. Alipiga goti, akamvisha kandambili taratibu.

Fundi alilazwa, akarudishiwa dawa. Aliporudi nyumbani, hakuikuta cherehani mahali pake. Ilikuwa imehamishiwa kwenye mlango wa nyuma, karibu kabisa na choo.

"Wateja watasemaje?" aliuliza.

"Watazunguka," mumewe alijibu.

Tangu hapo hakukosa dawa wala kliniki. Miezi ilipita. Picha ya moyo ilionyesha presha ya mapafu imeshuka, ingawa si yote.

Jioni hiyo alitandika kitanda mwenyewe. Alichukua mto wa tatu, akaukung'uta, akauweka upande wa mumewe.