Aliyeizima Kompyuta ya Husna

Husna aliporudi adhuhuri kutoka dukani kwao, aliikuta kompyuta yake ya kukunja wazi mezani, kioo cheusi, kazi ya asubuhi nzima imekufa. Ilikuwa mara ya tatu wiki ile. Akajitupa mkekani akalia bila haya.

Alikuwa amejenga programu ya kuigiza prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ambao bado haujatengenezwa popote, apime kama utakwenda mbio. Jaribio lilitaka mchana na usiku bila kukatika. Jumatatu asipopeleka matokeo chuoni, angerudia mwaka.

Upelelezi aliushika Dama, mwanafunzi mwenzake kutoka Kinango, aliyekuwa mgeni wao hapo Msambweni. Dama angemhoji hata paka.

Alianza na Karisa, jirani anayechomelea mageti, ambaye mashine yake hufifiza taa za mtaa mzima. Karisa alinuna. Dama akachomoa waya wa umeme, na kompyuta ikaendelea kwa betri. Ikabidi amwombe Karisa radhi.

Akafuata Amin, kakake Husna, mpenda michezo ya kompyuta. Amin aliapa kwamba mara zote tatu alikuwa msikitini, na imamu akamshuhudia. Dama akamwacha, ila jibu lile likamkaa kichwani.

Kesho yake jaribio likaanzishwa tena sebuleni. Dama akajilaza kwenye kochi, akafumba jicho moja. Feni ya kompyuta ilivuma. Adhana ya adhuhuri ilipoanza, Bibi Ummi, nyanyake Husna, alitoka jikoni, akazima redio, kisha akakishusha kioo cha kompyuta, akaifunika taratibu kama anayemfunika mtoto. Alipokwisha kuswali akaifunua. Ilikuwa kuukuu, ukiifunika hujizima.

"Shikamoo, Bibi," Dama akasema, akiinuka.

"Marahaba. Kumbe u macho."

Husna akaitwa. Bibi alipoelezwa hasara aliyoifanya, alijifuta macho kwa upindo wa kanga.

"Mjukuu wangu, kitu hiki chavuma kutwa kucha, na nyumba hii haipigi kelele wakati wa adhana. Nikasema nacho kinyamaze kidogo, kisha kiendelee. Redio si huendelea?"

Husna alimkumbatia. Alimpenda mno, hasira ingetoka wapi? Alasiri hiyo hiyo akaifundisha programu kujihifadhi na kunyamaza kila adhana, kisha iendelee ilipoachia. Bibi hakuifunika tena.

Jumatatu mhadhiri aliyatazama matokeo, akaridhika. Akauliza tu kwa nini kazi ilisimama mara tano kwa siku.

"Ilikuwa inakaa kwa bibi yangu," Husna akajibu.