Nilificha Majina ya Vipande, Mama Akazikwa Bila Mimi

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, mwishoni mwa miaka ya tisini, kijana wa Hewani niliyepata kazi ya kompyuta Garsen. Jamani, nani kama mimi! Nilitembea mjini kama niliyezaliwa na kiyoyozi.

Shirika letu la misaada lilikuwa na kurasa za mtandao za vijiji vya delta ya Mto Tana. Golbanti, Kau, Hewani... kila kijiji na ukurasa wake, lakini zote zilichota vipande kutoka folda moja: menyu, fomu ya maombi ya msaada, kitufe cha kutuma. Ukigusa kipande kimoja, kurasa zote zinabadilika. Mtunzaji wa folda hiyo nilikuwa mimi.

Kisha akaajiriwa Amina, binti wa Kiorma, mpole, mwepesi wa kushika. Kila nilichomfundisha alikiandika kwenye daftari: kipande gani, kazi yake nini, kinatumika wapi. Haukupita muda, bosi akawa anamwita yeye kwanza. Wivu ukanikaba!

Nikafanya nini? Siku moja wenzangu walipokwenda kula, nilibadilisha majina ya vipande vyote. Fomu nikaiita K7, kitufe K12... Amina alipouliza, nikamwambia ni amri kutoka makao makuu Mombasa. Uongo mtupu! Naye akanishukuru kwa kumweleza.

Mto ukafurika. Nikataka kurekebisha fomu ya Kau peke yake, nikagusa kipande kisichohusika, na fomu za vijiji vyote zikafa. Na mimi malaria ilikuwa imenilaza wiki mbili, majina mengi yalishanitoka kichwani. Mchimba kisima huingia mwenyewe!

Siku hiyohiyo kaka yangu alifika kwa mtumbwi. Mama alikuwa mahututi, ananiita. Aliacha karatasi ya kamati ya kijiji mezani kwa Amina, aliyekuwa akiingiza maombi ya vijiji kwenye fomu, nami sikuisoma. Akaniambia twende.

Bosi hakuwa mkatili. Kabla ya kuniruhusu aliniuliza jambo moja tu, kama yupo mwingine wa kuzitengeneza fomu. Amina alikuwa amesimama pale pale na daftari lake. Ningesema kweli, ningefukuzwa...

"Hakuna," nikajibu.

Kaka akarudi peke yake. Siku nne nilikaa mbele ya ile kompyuta, nafungua kipande, nafunga, nafungua kingine. K9 ni nini? K15 je? Mlango wa ofisi ulikuwa wazi, na sikuweza kutoka.

Siku ya tano nilishindwa. Nikamweleza Amina yote, machozi yakinitoka. Hakunitukana. Alivuta kiti, akafungua daftari, na kwa kazi ya kila kipande tukavitambua kimoja kimoja. Kabla ya adhuhuri fomu zilikuwa zinakwenda.

Akaanza kuingiza maombi yaliyorundikana. Ghafla akanisogezea ile karatasi aliyoiacha kaka. Ilitoka Hewani. Kamati iliomba boti ya injini, impeleke mama mmoja mgonjwa hospitali. Jina lilikuwa la mama yangu.

Wakubwa wa Mombasa hawakuwa wakitoa boti bila fomu kuwafikia kwa mtandao...

Boti ilikuja baada ya siku mbili. Ilinipeleka mimi, nikakuta kaburi bichi. Kaka hakuniuliza kitu, na mpaka leo hajauliza.

Siku hizi folda anaitunza Amina, na daftari liko mezani, asomaye asome. Wewe msomaji unayeficha ujuzi ili usiachwe, nakusihi, mfundishe mwenzako leo. Mimi nilisema hakuna, na aliyeweza alikuwa amesimama mbele yangu.